Barua Niliyosema Nimeituma

Dahlet Sillar,
Gozo.
22 Septemba 2008

Kaka yangu mpendwa Saverju,

Salamu nyingi zikufikie huko Melbourne, wewe na wifi Lilian, watoto, na wale wajukuu ninaowajua kwa picha tu. Natumaini goti limepata nafuu tangu upasuaji na daktari amekuruhusu kurudi bustanini, maana najua ukifungiwa ndani siku mbili anayeugua ni wifi. Mimi sijambo. Presha inapanda na kushuka, dawa nameza, na miguu bado inanifikisha kanisani na kunirudisha.

Utashangaa kuona barua hii imetoka kijijini na si kwangu Sliema. Nimekuja kwa ajili ya nyumba ya Baba. Yule daktari wa meno niliyekuandikia habari zake wakati wa Pasaka bado anataka kuinunua, na alisema ikikaa bila mtu majira mengine ya baridi paa litaingia jikoni. Nilikata tiketi ya feri nikidhani nitakaa siku tatu, nitoe vyombo, nifagie, nifunge mlango. Leo ni siku ya kumi na vyombo vyote viko palepale.

Nikupe habari za kijiji kwanza, kwa sababu najua ndizo unazozitafuta, na kwa sababu, kusema kweli, naogopa kufika kwenye zile nyingine.

Mashua zimebaki tano. Ulipoondoka tulikuwa tunahesabu ishirini na kitu. Kanisa limepakwa rangi ya kiini cha yai na kila mtu anamlaumu mwenzake kwa kuichagua. Duka la mkate limefungwa. Mkate unaletwa na gari kutoka mjini Victoria, na ukichelewa kutoka kitandani unakula biskuti. Kule tulikokuwa tunaanika nyavu sasa kuna meza za mkahawa, na nyavu zilizobaki zimetundikwa ukutani ili wageni wapige picha. Mzee Kelinu amefikisha miaka themanini na moja na bado anafunga makuti ya vyelezo vya kuwavuta samaki kivulini kila Agosti, ingawa vijana wanamwambia siku hizi yapo ya plastiki. Anawajibu kwamba samaki fulusi hajazaliwa mjinga, hawezi kwenda kupumzika chini ya kivuli cha plastiki. Juzi mgeni mmoja alimwuliza yale macho yaliyochorwa kwenye mashua ni ya nini. Akamwambia, "Ni ya kukuangalia wewe, usije ukaingia na viatu."

Mkewe, Mama Grezzja, ndiye aliyenishika nisiondoke. Siku ya pili tu alikuja mlangoni na bakuli limefunikwa kwa kitambaa, akasema hawezi kulala akijua binti wa Bertu anakula vitu vya kopo nyumba ya pili kutoka kwake. Tangu hapo nakula kwao. Alhamisi iliyopita alipika ile pai ya fulusi yenye mchicha na zeituni, na tulipomaliza akatutolea jibini na kahawa, na hapo ndipo mazungumzo yalipokuangukia wewe. Nitakueleza yote. Lakini lazima nianze nyuma, kwenye siku ile ya Agosti.

Unaijua siku ile kuliko mimi, Kaka. Niache tu niiandike, kwa sababu kwa miaka arobaini na miwili sijawahi kuiandika wala kuitamka.

Ilikuwa siku moja kabla ya Santa Marija, sikukuu ya Bikira Maria ya Agosti 15. Mimi nilikuwa na miaka kumi, wewe ishirini, na Mama alikuwa ameshatuacha miaka mitatu. Wewe ndiye uliyekuwa ukinisuka nywele asubuhi, vibaya, mkia mmoja juu na mwingine chini, na wasichana wa shule wakanicheka, nami nikawapiga. Ulikuwa umeniahidi kunipeleka Victoria kutazama mbio za farasi za sikukuu hiyo. Majira yote ya joto sikuwa na wazo jingine. Kisha Baba akarudi kutoka kwenye kura za kugawana njia za kuvulia fulusi na kusema tumepata njia nzuri mwaka huu, mashua itashushwa kesho yake na vyelezo vitatupwa siku hiyohiyo, na siku ya sikukuu mtakuwa baharini kumalizia. Nilikutazama nikitumaini utakataa. Ulisema, "Sawa, Baba." Halafu ukanigeukia ukaniambia farasi watakuwepo na mwaka ujao.

Asubuhi yake mlipakia mawe, kamba na makuti. Mashua ilishuka ile njia ya kuteremkia na watu wakaisukuma kama kila mwaka. Baba alikuuliza kwa sauti, kila mtu akasikia, "Umeziba tundu la kutolea maji?" Ukajibu, "Nimeziba tangu jana." Mkaenda. Maji yalikuwa yanaingia chini ya mbao, chini ya mawe na makuti, mahali ambapo hakuna mtu angeyaona mpaka yawe mengi, na mlipoyaona mlikuwa mmeshapita rasi. Mashua aliyoturithisha babu yetu ilizama pale ambapo hata nanga haifiki. Mzee Kelinu akawaokota ninyi wawili, Baba akiwa ameshika kipande cha chelezo na wewe ukimshika yeye.

Nilikuwa gatini mliporudi. Baba alishuka kwanza. Alingoja nawe ushuke, akakupiga kofi mbele ya kijiji kizima, akasema, "Kizibo tu. Hata kizibo." Ulisimama unachuruzika maji na shavu limewaka, ukatazama watu mmoja mmoja, ukanitazama mimi, kisha ukaenda nyumbani kuanika nguo.

Kufikia jioni jina lilikuwa limekuganda. Unajua walivyo watu wetu. Hakuna aliyekuita Saverju tena. "Kizibo anapita, shikeni mashua zenu." "Kizibo, umefunga mlango wa nyumba? Hebu rudi ukahakikishe." Hata padri aliwahi kuteleza ulimi. Baba alienda kukata mawe kwenye machimbo kama kibarua, yeye aliyekuwa na mashua yake mwenyewe, na mezani alikuwa akipitisha mkate juu yako kama kiti kile hakina mtu. Februari ukapanda meli ya Australia. Ulinisuka nywele asubuhi ile, na siku hiyo zilikaa sawa.

Kaka, ulikiweka kizibo. Mimi ndiye niliyekitoa.

Niliingia chini ya mashua alfajiri, kabla hamjaamka, nikakipigapiga kwa jiwe mpaka kikalegea, nikakitia kwenye mfuko wa aproni. Nilidhani mtakikosa na kuanza kukitafuta, siku itapita mkigombana, na mashua haitashuka mpaka baada ya sikukuu. Hayo tu ndiyo niliyowaza. Sikujua kwamba mtu akishasema nimeziba, hakuna anayeinama kuangalia. Nilipoona mmeanza kusukuma, nilikimbia kuja kuwaambia, na nilipofika karibu nikamwona Baba anacheka, Baba ambaye hakuwa amecheka tangu Mama afe, nikashindwa kufungua mdomo. Baada ya hapo kila saa ilikuwa imechelewa kuliko ile iliyotangulia. Kizibo nilikitupa kwenye kisima cha nyuma ya kanisa.

Haya ndiyo niliyotaka kumwambia Mzee Kelinu Alhamisi ile. Sijui kwa nini yeye, na kwa nini siku ile. Labda ni kukaa katika nyumba ile peke yangu na kuona viti vyote vitatu. Alikuwa ameanza kusema anavyokukumbuka ulivyokuwa ukiimba ukiosha nyavu, nami nikaweka kikombe chini nikasema, "Mzee, nina jambo kuhusu mashua ya Baba." Akaninyamazisha kwa mkono. Akasema, "Kama ni habari ya kizibo, mwanangu, ile habari ni ya kale. Naijua tangu Saverju alipopanda meli."

Nilidhani nimesikia vibaya. Ndipo akanieleza kwamba yeye ndiye aliyekusindikiza mpaka bandarini Malta, na kwamba mkiwa kwenye feri alikuuliza kiume kabisa, mtu na rafiki yake, iweje usahau jambo ambalo hata mlevi halisahau. Na wewe ukamwambia hukusahau. Ukamwambia kwamba jioni ya siku ile ulikuwa unafua nguo zangu, kwa sababu nani mwingine angezifua, ukakuta kwenye mfuko wa aproni duara la shahamu, ile shahamu uliyokuwa umepaka kizibo kwa mkono wako mwenyewe. Ukaifua mara mbili, kwa maji ya moto, mpaka likatoka.

Mzee Kelinu alisema alikasirika, akataka kurudi na feri ileile akamweleze Baba. Ukamshika koti. Maneno yako anayakumbuka hivi, nami nayaandika alivyoyasema: "Yule hana mama. Baba akimchukia atabaki na nani? Mimi nina miguu, naondoka." Ukamwapisha. Akaapa. Mama Grezzja alikuwa amesimama kwenye sinki ametupa mgongo, akasema, "Naye akaniapisha mimi, na mimi sikuwaambia hata dada zangu, na unajua dada zangu."

Sijui kama unaweza kuwaza nilivyokaa pale, Kaka. Miaka yote hii nikisoma barua zako za Krismasi, "msalimie Baba hata kama hataki salamu zangu," nilidhani nakuficha kitu. Kumbe wewe ndiye uliyekuwa unanificha. Ningeweza kulia na kukuomba radhi kwa kosa la mtoto wa miaka kumi, na najua ungenisamehe, maana ulikwishanisamehe ukiwa na sabuni mkononi. Mzee Kelinu naye alitaka iishie hapo. Alinipigapiga bega, akasema, "Basi, yamepita. Bertu amepumzika, Saverju ana wajukuu, mashua zote sasa ni za plastiki."

Lakini kuna jambo la pili, na hilo Mzee Kelinu hakulijua, na wewe hulijui. Hilo sikulifanya nikiwa mtoto. Nilikuwa na miaka thelathini na saba.

Majira ya baridi ya mwisho ya Baba nilikuwa nakuja kila Ijumaa na kuondoka Jumatatu. Wiki moja baada ya sikukuu ya Watakatifu Wote, mwezi Novemba, alikuwa jikoni, amevaa koti ndani ya nyumba, akaniambia, "Mwandikie Saverju. Mwambie aje." Nilidhani anaweweseka. Akarudia. Akasema amefikiri sana alipokuwa akikata mawe, na tangu alipoacha kukata mawe amefikiri zaidi, na kwamba mtoto yule hakuwahi kusahau jambo hata moja maishani mwake, iweje asahau lile. "Sikumwuliza," akasema. "Nilimpiga kabla sijamwuliza. Mwambie aje nimwulize." Nikamwambia namba yako ya simu ninayo. Akakataa. Alisema kwenye simu yeye hupiga kelele tu, barua ni bora, na mimi nina mwandiko mzuri.

Nilimwambia nimeandika. Sikuandika.

Niliporudi Sliema nilikaa mezani na karatasi. Niliwaona ninyi wawili mmeketi jikoni, yeye anauliza, wewe unajibu nilikiweka, Baba, na kisha wote wawili mnaanza kuhesabu ni nani mwingine aliyekuwa ndani ya nyumba ile. Baba alikuwa akiwaambia watu, "Pawlina wangu ndiye aliyebaki." Sikuwa na mume, sikuwa na watoto, nilikuwa na neno hilo. Nilikunja karatasi nikaiweka kwenye droo, nikasema nitaandika wiki ijayo.

Alikuwa ananiuliza kila Ijumaa, hata kabla sijavua skafu. "Amejibu?" Nami nikisema, "Bado, Baba." Mwanzoni aliitetea posta, akasema Australia ni mbali. Krismasi ilipokuja kadi yako, ile yenye ndege, niliificha, kwa sababu hukutaja lolote kuhusu kuja na angeona kwamba hukuwa umepata barua. Baada ya Krismasi akaacha kusema "Amejibu?" Akawa ananitazama tu nikiingia, nami natikisa kichwa. Alikuwa ameshusha kitanda chako chini, yeye na mgongo ule, ili usipande ngazi umechoka na safari. Jumapili alinyoa ndevu na kukaa dirishani upande wa barabara ya feri. Mara moja tu alisema kitu pale dirishani. Alisema, "Ana haki." Alikufa siku ya Mtakatifu Yosefu, mwezi Machi, akiamini kwamba alikuita nawe ukakataa kuja.

Nami nikakuandikia kwamba alikufa ghafla na hakusema neno.

Nilipomaliza kuwaeleza haya, Mzee Kelinu hakunipigapiga bega. Alinyanyuka, akashika meza, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba Jumapili zile zote alikuwa akija kukaa na Baba dirishani. Alimwona anavyongoja. Akamwambia, "Bertu, achana naye, mtoto huyo ana moyo wa jiwe." Alisema, "Nilimtukana Saverju mbele ya baba yake, mimi niliyejua alichokufanyia. Nilisema moyoni, basi hata yeye mzigo umemchosha, amekuwa mkatili. Na wewe ulikuwa jikoni unasikia, Pawlina. Ulikuwa unatuletea kahawa." Ni kweli. Nilikuwa nawaletea kahawa. Akatoka nje, na siku mbili hakusema nami.

Mama Grezzja alibaki. Aliondoa vikombe, akafuta meza, akasema, "Umwandikie kabla hujapanda feri. Ukishafika kwako, karatasi itarudi kwenye droo."

Nimechukua siku zote hizi kuianza, kwa sababu kuna jambo nililotakiwa kulifanya kwanza. Wiki moja kabla ya kufa Baba aliniambia neno moja nikupe ukija akiwa hayupo. Hili hapa, sijaongeza wala kupunguza: "Mwambie nilimpiga mbele ya watu, na nilitaka kumwomba radhi mbele ya watu. Ikifanyika nyumbani, peke yetu, haihesabiki."

Basi jana asubuhi, mashua zilipokuwa zinapakua fulusi, nilishuka gatini. Watu hawakuwa wengi, pengine kumi na wawili, na waliokuwepo siku ile ni wanne tu, wamekaa kwenye benchi na fimbo zao. Nilisimama mbele yao, nikasema kwa sauti kwamba Saverju wa Bertu alikiweka kile kizibo, na mimi ndiye niliyekitoa, na kwamba baba yake alikufa akitaka kumwomba radhi mbele yao. Kisha nikasema Baba aliita na ujumbe haukufika kwa sababu yangu. Kijana mmoja akazima injini. Yule Nardu, aliyekuwa mtaniaji mkubwa kuliko wote, ambaye ndiye aliyekubatiza lile jina, alivua kofia akaikunja mikononi. Akauliza, "Na yeye yuko hai?" Nikasema yuko hai. Akasema, "Basi mwambie na Nardu pia." Hakumaliza. Mzee mwingine akasema taratibu, bila ubaya, "Haya, na wewe tukuiteje sasa?" Nikamwambia waniite watakavyo. Mzee Kelinu alikuwa amekaa kando na makuti yake. Nilipopita aliinua kikapu chake ili nipate njia, na hayo ndiyo maneno yote tuliyozungumza jana. Leo mchana amemtuma mkewe aniite kula.

Kaka, sikuombi unisamehe. La kwanza ulilisamehe bila kuombwa, na la pili halikuwa lako peke yako kulisamehe; nusu yake ni ya mtu aliyeko makaburini. Nakuandikia ili ujue kwamba aliita. Alikuita kwa jina lako, Saverju, tena mara nyingi, na aliliita vizuri.

Daktari wa meno nimemwambia asubiri. Nyumba haitauzwa mpaka useme wewe. Kitanda chako bado kiko chini alipokishusha, nimebadilisha shuka.

Nisalimie wifi Lilian na umwombe asinichukie kabla hajamaliza kusoma. Wabusu watoto, na wajukuu waambie bibi yao wa Gozo yupo. Mama Grezzja anakusalimu, anasema ukija uje na hamu ya kula. Mzee Kelinu ameniambia niandike kwamba anakuomba radhi kwa aliyoyasema dirishani.

Nitakaa hapa mpaka mwisho wa Oktoba. Namba ya simu ya Mzee Kelinu nimeiandika nyuma ya bahasha. Kama utapiga, nitapokea, hata ukitaka kupiga kelele tu kama Baba. Na kama hutapiga, nitajua ni kwa nini, na yeyote atakayeniuliza habari zako nitamwambia kwamba wewe hukuwahi kuitwa ukakataa.

Ni mimi dada yako,
Pawlina